Ndugu Yako Akikamatwa Uganda: Mwongozo Kamili wa Haki za Mahabusu, Kuanzia Kaunta ya Polisi hadi Gerezani

Mtu anapokamatwa Uganda, saa inayohesabiwa kisheria ni ile aliyoshikwa, wala si ile aliyofikishwa kituoni au aliyoandikwa daftarini. Ibara ya 23(4) ya Katiba ya mwaka 1995 inataka mshukiwa, kama hajaachiliwa mapema, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya kupita saa 48 tangu alipokamatwa. Karibu kila haki nyingine ya mahabusu inategemea kwamba kuna mtu aliyeijua saa hiyo na kuiandika. Ndiyo maana mwongozo huu utarudi mara kwa mara kwenye jambo moja, nalo ni maandishi: saa, jina, namba, sahihi. Familia yenye maandishi husikilizwa kituoni, husikilizwa mahakamani, na husikilizwa hata baada ya miaka miwili inapodai fidia.

Nimewafikiria hasa wasomaji wa Kiswahili ambao huenda hawakijui Kiganda wala Kiingereza cha ofisini: wafanyabiashara wa Busia na Malaba, waendesha bodaboda wa Arua na Kampala, na wakimbizi kutoka Kongo walioko Nakivale, Kyangwali au mitaa ya jiji. Haki zilizoelezwa hapa ni za kila mtu aliye katika ardhi ya Uganda, awe raia au mgeni.

Nani anaruhusiwa kumweka mtu ndani

Zamani serikali za mitaa zilikuwa na magereza yao wenyewe. Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 iliyaweka magereza hayo chini ya Idara ya Magereza ya Uganda, hivyo leo jiji au manispaa haina gereza lake. Askari wa jiji wanaowaondoa wachuuzi barabarani hawana mahali pao pa kumlaza mtu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka yeyote asiye polisi, akimkamata mtu bila hati, amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumzungusha mchuuzi ndani ya gari kutwa nzima, au kumfungia katika ghala la ofisi mpaka atoe pesa, hakuna sheria inayoruhusu jambo hilo.

Ibara ya 23(2) inasema mahabusu atawekwa mahali palipoidhinishwa na sheria pekee. Kituo cha polisi kinachojulikana ni mahali pa namna hiyo, na gereza lililotangazwa rasmi pia. Nyumba ya siri yenye geti refu mtaani si mahali pa namna hiyo, hata kama aliyempeleka huko ni mtumishi wa serikali mwenye kitambulisho.

Jambo jingine linawahusu vijana wanaokamatwa kwa makundi usiku. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya Sheria ya Adhabu vilivyoruhusu mtu kushtakiwa kwa uzururaji kwa sababu tu alionekana hana kazi maalumu au alikutwa mahali na saa za kutiliwa shaka. Kijana akiambiwa kwamba kosa lake ni kuzurura tu, familia iulize kwa adabu ni kifungu gani cha sheria kilichovunjwa, na jibu liandikwe.

Hatua ya kwanza: saa ya kukamatwa

Aliyeshuhudia aandike papo hapo, hata kwenye simu: tarehe, saa, mahali, namba ya gari, kama waliokamata walivaa sare, na maneno waliyoyatoa kuhusu sababu. Kisha amtumie jamaa mwingine ujumbe huo. Ujumbe uliotumwa hubaki na saa yake, na hiyo saa ni ushahidi.

Anayekamatwa asipigane wala asikimbie. Aulize mambo mawili: ninakamatwa kwa kosa gani, na ninapelekwa kituo gani? Ibara ya 23(3) inamtaka anayekamata aeleze mara moja, kwa lugha anayoielewa mkamatwa, sababu ya kumkamata pamoja na haki yake ya kuwa na wakili anayemchagua. Maneno haya kuhusu lugha yana uzito. Askari wengi wa Uganda wanakielewa Kiswahili, kwa kuwa ndicho lugha iliyozoeleka katika mafunzo ya polisi na jeshi, kwa hiyo mtu aseme waziwazi: “Afande, naomba unieleze kwa Kiswahili.” Asitikise kichwa kukubali jambo ambalo hakulisikia vizuri.

Sheria hairuhusu nguvu zaidi ya zile zinazohitajika kumzuia mtu asitoroke. Aliyekwisha kutulia hapigwi.

Hatua ya pili: kaunta

Jamaa mmoja, na ikiwezekana awe mtu mzima asiye na hasira za haraka, aende kituoni akiwa na kitambulisho chake. Wakienda watu kumi kelele huongezeka na majibu hupungua. Akifika aseme: “Habari za kazi, Afande. Namuulizia ndugu yangu fulani, aliyekamatwa leo saa kumi jioni sokoni. Naomba namba yake katika dayari ya kituo, kosa aliloandikiwa, na jina la mpelelezi.” Aandike yote mbele ya kaunta. Kwa kuitaja saa ya kukamatwa pale pale, anafanya kituo kijue kwamba familia inahesabu.

Wakimwambia hayupo, aende kituo kinachofuata na baadaye ofisi ya kamanda wa polisi wa wilaya, akiandika kila alikopita na kila aliyemjibu. Orodha hiyo itahitajika ikibidi kwenda Mahakama Kuu.

Upekuzi una kanuni zake. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke tu, tena kwa staha. Polisi wanaweza kuchukua vitu alivyo navyo mahabusu na kuvihifadhi, isipokuwa nguo anazozihitaji mwilini. Hapa wazee walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Simu, pesa taslimu kwa hesabu yake kamili, pete, funguo na kitambulisho viandikwe kimoja kimoja, na mahabusu asome au asomewe kabla ya kutia sahihi. “Pesa kiasi” si maandishi. Iandikwe shilingi 185,000 kama ndizo alizokuwa nazo.

Ibara ya 23(5) inampa mahabusu mambo matatu ambayo familia inapaswa kuyajua kwa moyo. Kwanza, jamaa yake wa karibu ajulishwe mapema iwezekanavyo, mahabusu anapoomba hivyo. Pili, jamaa huyo, wakili wake na daktari wake waruhusiwe kumwona kwa kiasi cha kuridhisha. Tatu, apate matibabu, na akitaka daktari binafsi ampate kwa gharama yake mwenyewe. Mkuu wa kituo anaweza kupanga saa za kuonana. Kumkatalia mahabusu asionwe kabisa ni jambo jingine, nalo halina kibali katika Katiba.

Mgeni kutoka Kenya, Tanzania au Kongo anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Mkimbizi, kwa upande wake, huenda asitake ubalozi wa nchi aliyoikimbia ujue alipo, na ana haki ya kutotaka. Afadhali familia yake iyatafute mashirika yanayosaidia wakimbizi, kama Refugee Law Project au InterAid, na ipeleke kituoni nakala ya kitambulisho chake cha ukimbizi.

Hatua ya tatu: ndani ya seli

Wanaume na wanawake hawachanganywi, wala watoto na watu wazima. Chakula cha seli za polisi mara nyingi ni kidogo, na kwa kweli familia nyingi hupeleka chakula zenyewe. Pelekeni kilichopikwa, katika chombo kisicho cha kioo wala chuma kikali, na mkubali kionjwe au kikaguliwe. Dawa hazipenyezwi kwa siri ndani ya posho, yaani ugali. Zipelekwe kaunta pamoja na kitabu cha matibabu, na mwombe iandikwe kwamba mahabusu fulani anatumia dawa za kisukari, za shinikizo la damu, za kifua kikuu au za kupunguza makali ya VVU, na saa anazozimeza. Dozi isiyoandikwa ni rahisi kusahaulika askari wanapobadilishana zamu.

Akitoka kuhojiwa akiwa na jeraha, jamaa aombe fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, Fomu namba 3, ijazwe na mganga siku hiyo hiyo. Uvimbe hushuka na michubuko hupona. Piga picha kama umeruhusiwa, na kama hukuruhusiwa, andika ulichokiona na saa uliyokiona.

Hatua ya nne: maelezo

Mahabusu halazimiki kujishuhudia. Anaweza kusema atatoa maelezo wakili wake akiwepo. Akiamua kuzungumza, azungumze lugha anayoimudu, na maelezo yasomwe kwake kwa lugha hiyo hiyo kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Karatasi tupu haisainiwi kamwe, hata kwa ahadi ya kuachiliwa usiku huo.

Chini ya Sheria ya Ushahidi, kukiri kosa mbele ya polisi hakukubaliki mahakamani isipokuwa kumefanyika mbele ya afisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Kukiri kulikopatikana kwa mateso hakukubaliki kabisa. Familia ikimpata mahabusu kwa dakika tano tu, dakika mbili zitumike kumwambia haya.

Hatua ya tano: dhamana ya polisi

Kila mahali huitwa bondi, na neno hili limewagharimu maskini pesa nyingi kuliko jingine lolote kituoni. Bondi ya polisi ni bure. Hailipiwi fomu, hailipiwi mafuta ya gari, hailipiwi “chai”. Vituo vingi vimebandika tangazo ukutani linalosema hivyo.

Kinachotakiwa ni wadhamini. Wadhamini wazuri ni watu wawili wenye makazi yanayojulikana, wenye vitambulisho vya taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) wa eneo lao inayothibitisha kwamba anawafahamu. Mdhamini aelewe kwamba anajifunga yeye mwenyewe, na kwamba mshukiwa akitoweka ataulizwa yeye. Tarehe za kuripoti zilizoandikwa kwenye fomu zishikwe barabara, na kila mara mshukiwa anaporipoti tarehe inayofuata iandikwe. Kuna waliokamatwa tena kwa sababu tu waliambiwa kwa mdomo “rudi wiki ijayo” na dayari haikuonyesha kitu.

Akinyimwa bondi, ulizeni sababu kwa mkuu wa kituo, kisha kwa kamanda wa wilaya. Makosa mazito kama mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha kwa kawaida hayapewi bondi, na ni afadhali kutumia nguvu zenu kumtafuta wakili.

Hatua ya sita: saa 48 na tatizo la Ijumaa

Hapa ndipo haki nyingi hufia, kwa hiyo soma polepole. Mtu aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni, saa zake 48 zinaisha Jumapili saa kumi jioni. Katiba haikuweka ubaguzi wa Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Kauli ya “mahakama zimefungwa, subirini Jumatatu” inaeleza tu ratiba ya mahakama, na haiongezi hata saa moja katika Ibara ya 23. Kama polisi wanaona hawataweza kumfikisha mbele ya hakimu kwa wakati, njia waliyo nayo ni bondi.

Fanyeni hivi. Saa 24 zikipita, jamaa arudi kaunta akumbushe. Saa 40 zikipita, aandike barua fupi kwa mkuu wa kituo yenye jina la mahabusu, saa ya kukamatwa, namba ya dayari, na ombi la kumfikisha mahakamani au kumpa bondi. Apeleke nakala mbili, na aombe ya pili igongwe muhuri au itiwe sahihi na tarehe. Wakikataa kupokea, aandike jina la aliyekataa. Saa 48 zikipita, barua hiyo hiyo ipelekwe kwa kamanda wa polisi wa wilaya, kwa kitengo cha polisi cha viwango vya kitaaluma ambacho huchunguza malalamiko dhidi ya askari, na kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo Katiba imeipa mamlaka ya kutembelea magereza na sehemu za kizuizi. Tume ina makao makuu Kampala na ofisi za mikoa, zikiwemo za Gulu, Arua, Mbarara, Jinja, Fort Portal, Soroti na Moroto.

Kama hajulikani alipo, au anashikiliwa na watu wasiotaka kumwonyesha, wakili apeleke ombi la habeas corpus Mahakama Kuu, ambalo humlazimu anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze kwa sheria gani. Ibara ya 23(9) inasema amri hii haisimamishwi kamwe, na Ibara ya 44 imeiweka pamoja na uhuru dhidi ya mateso na haki ya kusikilizwa kwa usawa, haki ambazo hata hali ya hatari haiwezi kuziondoa.

Mtoto akikamatwa

Kwa mtu aliye chini ya miaka 18 mambo hubadilika. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Chini ya Sheria ya Watoto, polisi wanapaswa kuwajulisha mara moja wazazi au walezi pamoja na katibu wa masuala ya watoto wa baraza la eneo, na mzazi au mlezi awepo mtoto anapohojiwa. Asipoachiliwa, hakai kituoni zaidi ya saa 24, na hawekwi na watu wazima hata kwa usiku mmoja. Mahakama ikiamua azuiliwe, hupelekwa makao ya watoto kama yale ya Naguru jijini Kampala, wala si gereza la wakubwa.

Wazazi, nendeni na cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo au ripoti ya shule. Mvulana mrefu wa miaka 15 huandikwa 18 kwa wepesi, na umri ukishaandikwa vibaya kaunta hufuata faili mpaka gerezani. Usahihishwe siku ya kwanza.

Hatua ya saba: mahakamani

Mashtaka yasomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Ibara ya 28 inampa mkalimani bila malipo, kwa hiyo asimame na kusema: “Mheshimiwa, naomba mkalimani wa Kiswahili.” Katika makosa yenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, mshtakiwa asiye na uwezo hulipiwa wakili na serikali.

Kila mshtakiwa anaweza kuomba dhamana ya mahakama. Makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, hakimu huyasoma tu bila kuuliza jibu, na ombi la dhamana hupelekwa Mahakama Kuu. Familia isikae kusubiri hakimu atoe kitu ambacho hana mamlaka nacho. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 kuna hesabu mbili za kuandika kwenye kalenda ya nyumbani: siku 60 za rumande bila kesi kuanza, kwa makosa ambayo hata mahakama za chini zinaweza kuyasikiliza, na siku 180 bila kesi kupelekwa Mahakama Kuu, kwa makosa ya Mahakama Kuu pekee. Zikifika, mahakama inapaswa kumwachilia kwa masharti inayoyaona yanafaa.

Pesa za dhamana hulipwa benki kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu koridoni. Risiti yake itunzwe kama hati ya kiwanja.

Hatua ya nane: gerezani

Gereza halipokei mtu bila hati halali ya mahakama. Akifika huandikwa na huchunguzwa afya, na huo ndio wakati wake wa kutaja ugonjwa, dawa na majeraha aliyoyapata kabla. Magereza ya Uganda yamejaa kupita uwezo wake zaidi ya mara mbili, na karibu nusu ya waliomo hawajahukumiwa. Ufinyu huo unaeleza kwa nini watu hulala wamebanana, lakini hauondoi haki ya dawa, maji wala kutopigwa.

Mahabusu wa rumande si mfungwa aliyehukumiwa. Chini ya Ibara ya 25, kazi anayoweza kutakiwa kuifanya ni ile ya usafi na utunzaji wa mahali alipo. Kupelekwa kulima shamba la mtu haimo. Akilalamika aanze kwa katikkiro, yaani kiongozi wa wafungwa wenzake, au kamati ya haki za binadamu ya gereza, kisha mkuu wa gereza, kisha Tume inapotembelea. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuingia naye, na mtoto hutunzwa kwa gharama ya serikali hadi miezi 18, ndipo jamaa hutafutwa wa kumlea. Jamaa hao wajiandae mapema badala ya kungoja kuitwa.

Akihukumiwa, wakili amkumbushe hakimu siku alizokaa rumande, kwa sababu Ibara ya 23(8) inataka zizingatiwe katika adhabu. Hapo tena saa ile ya kukamatwa, iliyoandikwa siku ya kwanza, hupunguza kifungo.

Akiteswa, na akitoka

Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Mateso ya mwaka 2012 imeweka kifungo cha hadi miaka 15 kwa mtesaji, na cha maisha mateso yakiwa ya aina mbaya zaidi. Kusema “niliamriwa na mkubwa” si utetezi. Mtu yeyote anaweza kulalamika, hata asiye mwathirika. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inamfanya afisa awajibike yeye binafsi, na Ibara ya 23(7) inampa fidia aliyezuiliwa kinyume cha sheria. Asiye na pesa za wakili awatafute Justice Centres, FIDA-Uganda au kliniki za msaada wa kisheria.

Siku ya kutoka, mahabusu asiondoke kaunta kabla ya kupokea vitu vyake kwa orodha ile ile aliyoitia sahihi alipoingia, na kisipoonekana kitu, aandike hivyo kabla ya kusaini kwamba amepokea. Kesi ikiisha na dhamana haikuvunjwa, aliyelipa aende mahakamani na risiti halisi, kitambulisho na nakala ya uamuzi, aombe kurudishiwa pesa zake.